Mwembe Uliovunjwa na Upepo: Tuukate au Tuuache?



Upepo mkali ukipita, Kilosa hata Mikumi, wengi wetu hukimbilia shoka na kuangusha mwembe mzima kwa hofu. Tunasema, tusubiri kidogo. Mwembe uliopoteza matawi machache huchipua tena. Tawi linaloning'inia tulikate kwanza kwa chini, kisha kwa juu, lisije likachuna gome la shina. Ila mti mkubwa ulionyanyuka mizizi na kuinamia nyumba, huo uondolewe, na watoto wakae mbali. Ukiwa umelalia nyaya za umeme tusiuguse kabisa, tuwaite TANESCO.

Wafadhili wetu, ndiyo maana safari hii tunaomba misumeno na kamba, siyo miche peke yake. Kivuli cha mche tutakisubiri miaka.