Kadi ya Kliniki Imfuate Ndugu Gerezani
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya watu tunaowasahau upesi, yaani ndugu walio kifungoni. Mtu akifungwa tunauliza habari za kesi, tunauliza ni miaka mingapi. Presha yake nani anaiuliza?

Presha haipigi kelele. Mtu aweza kukaa nayo miaka bila kuumwa hata kichwa. Kipimo kikifika 140 juu ya 90, siku mbalimbali, moyo na mishipa vinachoka. Asipotibiwa, aweza kupata kiharusi au moyo kushindwa kazi.

Yanayouharibu moyo ni yale yale ya nyumbani: sigara, chumvi nyingi, kukaa bila kutumia mwili, na mawazo mengi. Lakini gerezani yote hukutana mahali pamoja. Mfungwa hajipikii chakula. Katika nchi nyingi wavutaji ni wengi ndani kuliko nje. Palipo na msongamano, hata usingizi ni shida. Na yule aliyekuwa akimeza dawa kila siku, siku ya kukamatwa dawa zinabaki nyumbani.

Je, ana haki? Ndiyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 51, yasema mfungwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizoweza kupatana na kifungo chenyewe. Tena Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka mfungwa apimwe mapema baada ya kuingia, atibiwe bure kama raia wengine, na asiyefanya kazi za nje apate angalau saa moja ya mazoezi nje kila siku, hali ya hewa ikiruhusu.

Basi tufanye hivi:

1. Kadi ya kliniki ipelekwe kwa mhudumu wa afya wa gereza. Dawa msimpe mfungwa mkononi. Ulizeni utaratibu langoni.
2. Mkimtembelea, mwulizeni: "Umepimwa presha?" Na msimpelekee sigara.
3. Akitoka, wiki hiyo hiyo apelekwe dispensari, ili dawa zisikatike.

Katika mkutano ujao kila kikundi kijiulize: nani wetu yuko ndani, na kadi yake iko wapi? Tumchague mtu wa kuipeleka.