VUMBI LA MBAO SI ADA YA UFUNDI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi seremala wa Ukunda, Diani na Msambweni)



Leo sikuja na habari ya mishahara. Nataka kusema juu ya unga ule tunaoupangusa nyusoni kila jioni.

Wengi wetu twaona vumbi la mbao kuwa ndiyo ada ya ufundi. Mwanagenzi akikohoa, huambiwa atazoea. Lakini pafu halizoei vumbi. Fundi wa mvule ajua jinsi macho yanavyowasha na pua inavyochuruzika. Wengine mvule huwaletea vipele, na hata pumu. Na aliyekwisha kushikwa na pumu ya namna hii, vumbi dogo tu humrudishia.

Liko jambo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kuwa saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra sana, iliwapata mno watengenezaji wa viti wa High Wycombe. Mwaka 1995 shirika la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Ugonjwa huu hukawia: mtu avuta vumbi ujanani, naye augua uzeeni.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumjue adui. Si maranda ya randa, ambayo huanguka chini. Ni unga mwembamba wa msasa na wa msumeno wa mashini, ule uonekanao katika mwali wa jua tu. Huo ndio uingiao ndani.

Pili, uzuiwe pale utokapo. Mashini ziwe na bomba la kufyonza vumbi. Pasipo na bomba, kazi ya msasa ifanywe nje, upepo uchukue vumbi mbali na fundi na wenziwe.

Tatu, tusifagie pakavu, wala tusipulize nguo kwa mashini ya upepo. Tunyunyize maji kwanza. Tena tuoge na kubadili nguo kabla ya kuwapakata watoto.

Nne, barakoa. Leso puani haizuii unga mwembamba. Yatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi, ikae barabara usoni. Ndevu huacha upenyo. Lakini barakoa ni ngao ya mwisho. Tajiri akigawa barakoa na kukataa bomba, hajamaliza wajibu wake.

Haya si maombi ya hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi alinde afya ya watu wake na kuwapa vifaa vya kujikinga. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Kibanda cha watu watatu hakina kamati, lakini sheria yakihusu vilevile.

Najua hofu yenu: "Nikisema leo, kesho ataitwa mwingine." Sheria hiyo yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari. Hata hivyo asiseme mmoja peke yake. Semeni pamoja, kwa maandishi, kupitia kamati na chama.

Mwisho, hifadhini barua za kazi na hati za mishahara. Sheria ya fidia ya wafanya kazi ya mwaka 2007 yahesabu magonjwa ya kazini pia, lakini ugonjwa unaokuja baada ya miaka mingi wataka ushahidi. Na yeyote ambaye pua yake yaziba upande mmoja bila kupona, au yatoka damu mara kwa mara, aende hospitali ya Msambweni au iliyo karibu naye, amweleze daktari kuwa yeye ni seremala. Daktari asipoambiwa kazi yako, atadhani ni mafua.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.