Usiniite Mkuu: Ukali wa Mhariri Perry White na Mtihani wa Tafsiri



Mhadhara huu unajadili katazo moja fupi la mhusika wa kubuni, kwa kuwa ndani yake mna suala zito la isimujamii na tafsiri.

Katika hadithi za Superman, Perry White ndiye mhariri wa gazeti la Daily Planet. Alisikika kwanza katika mchezo wa redio nchini Marekani mwaka 1940, na mwaka huohuo akaingia katika vitabu vya katuni. Katika televisheni, John Hamilton alimwigiza kuanzia 1952 hadi 1958, naye Lane Smith akamwigiza kuanzia 1993 hadi 1997. White ni mzee mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Kijana wake wa kazi, Jimmy Olsen, humwita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mkuu au chifu. White humfokea asimwite hivyo. Kesho yake kijana hurudia.

Je, White anakataa nini hasa? Mwaka 1960, Roger Brown na Albert Gilman walionyesha kuwa namna ya kumwita mtu huongozwa na nguvu mbili: mamlaka na mshikamano. Neno la Olsen linabeba zote mbili. Linatokana na cheo cha mhariri mkuu, hivyo linampandisha mzee. Lakini limekatwa na kurahisishwa, hivyo linamsogelea. Kinachomkera White ni huko kusogelewa, wala si kupandishwa.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Neno "chifu" linavutia kwa sauti yake, lakini linapotosha. Nchini Kenya chifu ni ofisa wa serikali katika eneo lake. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. "Bosi" linamfunga mzee katika mambo ya ajira na mshahara. "Mzee" lina heshima na upendo, lakini halitoki katika cheo chake. Linalofaa ni "mkuu". Limo ndani ya "mhariri mkuu", na katika mazungumzo ya Tanzania hutumiwa kwa mkubwa wa kazi na vilevile kwa rafiki wa rika moja. Utata huohuo wa Kiingereza umehifadhiwa.

Ugumu wa pili uko katika sarufi. Katika kuamuru, Kiswahili kina ngazi mbili: "toka!" ni kali, "utoke" ni laini zaidi. Katika kukataza, ngazi hizo hazipo. Husemwa "usitoke", kwa dhamira tegemezi, awe anayesema ana hasira au upole. Kwa hiyo "usiniite mkuu" peke yake haina ukali wa White. Mtu mpole angeweza kuitamka vivyo hivyo. Ukali lazima utafutiwe mahali pengine: "Ebo! Mara ngapi nimekwambia usiniite mkuu?" Kihisishi na swali lisilotaka jibu hufanya kazi ambayo kitenzi hakiwezi kuifanya.

Hapo ndipo palipo hatari. Mfasiri anayeogopa utovu wa adabu atamlainisha mzee kwa "naomba" na "tafadhali", na mhariri atatoweka. Anayezidisha atamtia matusi kinywani, na White atageuka adui wa wafanyakazi wake. Katika hadithi, Lois Lane, Clark Kent na Olsen hufokewa, kisha hutoka kwenda kutafuta habari, nao hawaoni kwamba wametukanwa. Ukali huo unaeleweka kwao kama lugha ya kazi, na kurudia kwa Olsen ni ushahidi kwamba haogopi.

Funzo kwa wanafunzi wa tafsiri ni hili: ukali wa mhusika usipimwe kwa kitenzi chake tu. Upimwe pia kwa jina analoitwa, kwa anayemwita, na kwa jinsi huyo anayefokewa anavyojibu. Atakayevipima vyote vitatu atamfikisha mzee White kwa wasomaji wa Kiswahili akiwa mkali, na akiwa bado anapendwa.