Kinamasi cha Yala: Saini za Nani, Ardhi ya Nani?



Tumesimama mbele yenu kuzungumza juu ya ardhi, na hasa ile ardhi ambayo wengi huidhania kuwa haina mwenyewe kwa sababu imejaa maji. Tunapodai mageuzi tumezoea kutaja kura, Bunge na mahakama. Hilo ni jema. Lakini demokrasia isiyofika shambani kwa mwananchi, wala ukingoni mwa ziwa anakovua, ni demokrasia ya mjini tu. Ndiyo sababu leo tumechagua kinamasi cha Yala kiwe somo letu.

Kinamasi hiki kiko magharibi mwa nchi, mahali Mto Yala unapoingia katika Ziwa Victoria, katika kaunti za Siaya na Busia. Ukubwa wake ni hekta 17,500 hivi, na ndani yake mna maziwa madogo ya Kanyaboli, Sare na Namboyo. Mto unapokuja na udongo na mbolea kutoka mashamba ya juu, mafunjo huvichuja kabla maji hayajafika ziwani. Katika Kanyaboli angali akiishi ngege wa asili, samaki aliyekaribia kutoweka katika Ziwa Victoria lenyewe baada ya mbuta kupandikizwa humo. Humo kinamasini wamo pia nzohe, wale swala wa majini wasioonekana kwingi nchini.

Tusisahau binadamu. Kwa vizazi vingi wakazi wa kandokando wamevua humo, wamekata mafunjo ya kusuka mikeka na kuezekea nyumba, na wamelisha ng'ombe wao humo wakati wa kiangazi. Maji yalipopungua, walipanda mahindi na mboga katika udongo ulioachwa na unyevu. Mwenye kupita barabarani aliona pori. Mwenyeji aliona ghala lake.

Kukausha sehemu za Yala hakukuanza jana. Kufikia mwaka 1970 hivi, hekta 2,300 zilikuwa zimekwisha kutengwa na maji kwa matuta na mifereji, na baadaye zikawa chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka 1979. Kisha, mwaka 2003, ikaja kampuni ya Dominion Farms, yenye asili yake Oklahoma, Marekani. Mabaraza mawili ya kaunti ya wakati ule, la Siaya na la Bondo, yalikubali kuikodisha hekta 6,900 hivi kwa muda wa miaka 25.

Tathmini ya kwanza ya mazingira ilihusu kilimo cha mpunga katika sehemu iliyokwisha kukaushwa. Lakini kazi haikuishia hapo. Kizuizi kilijengwa mtoni ili kuinua maji, na mabwawa ya samaki yakachimbwa. Ndipo malalamiko yalipoanza kusikika. Wakazi walisema kwamba maji yaliyozuiliwa yaliwarudia nyumbani na mashambani mwao. Walisema kwamba njia za kuendea maji na malisho zilifungwa, na kwamba dawa zilizonyunyizwa kwa ndege ziliangukia hata mahali pasipokusudiwa. Waliodai fidia walilalamika kwamba ilikuwa ndogo au haikufika kabisa.

Tuseme kweli yote, maana haki haijengwi juu ya nusu ya habari. Mpunga ulivunwa, na wapo waliopata kazi na mshahara. Nchi yetu hununua mchele mwingi kutoka ng'ambo, kwa hiyo mwenye kupanda mpunga si adui yetu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hatuna ugomvi na mgeni kuja. Tunauliza kama mwenyeji alipona, na zaidi ya hapo, tunauliza ni nani aliyemfungulia mgeni mlango.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Chini ya Katiba ya zamani, ardhi kama ile iliitwa ardhi ya amana. Baraza la kaunti lilikuwa mdhamini, nao wakazi ndio walengwa wa dhamana hiyo. Mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze, hakupewa iwe yake. Lakini kwa vitendo, madiwani na makarani walikaa mezani na kampuni, wakatia saini, na mwenye mali akaisikia habari baada ya wino kukauka.

Sasa angalieni yaliyofuata. Mwaka 2010 tulipata Katiba mpya. Mwaka 2013 mabaraza ya kaunti yaliyokodisha ardhi ile yalivunjwa, serikali za kaunti zikashika nafasi. Kufikia mwaka 2018 shughuli za Dominion nazo zilikuwa zimekoma. Basi mkodishaji hayupo, na mkodishwaji amekwenda zake. Anayelalamika kwa mafuriko au kwa fidia, ampelekee nani? Waliotia saini wote wameondoka, na wasioulizwa ndio waliobaki. Kisha ikaingia kampuni nyingine, Lake Agro, na mpango wa kuikodisha maelfu ya hekta kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa kwanza ukazusha mabishano upya.

Mabishano hayo yamesimama juu ya neno moja. Je, kinamasi ni ardhi ya umma au ni ardhi ya jumuiya? Msidhani kwamba hilo ni neno la mawakili tu. Ikiwa ni ardhi ya umma, chini ya Kifungu cha 62 cha Katiba, husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali, na mkazi huambiwa alete maoni. Ikiwa ni ardhi ya jumuiya, chini ya Kifungu cha 63, mkazi ni mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016 inasema kwamba mapatano ya uwekezaji hufanywa kati ya mwekezaji na jumuiya yenyewe, tena hayana nguvu mpaka yaidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wake katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Kati ya kuleta maoni na kupiga kura ya uamuzi pana umbali mkubwa, na ndani ya umbali huo ndimo hekta hupotelea.

Wala jambo hili si la Yala peke yake. Katika delta ya Mto Tana, huko pwani, mpango wa miwa wa mwaka 2008 uliwakabili wafugaji, wakulima na wavuvi kwa namna ile ile. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi itengenezwe kwa kuwashirikisha wao. Hukumu hiyo ni ushahidi kwamba mwananchi akijipanga, sheria inaweza kumsikia.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwasaidie wakazi kuandikisha jumuiya zao na orodha ya watu wao. Ardhi ya jumuiya isiyoandikishwa bado iko mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini, na mdhamini tunamjua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, tudai kila mkataba usomwe hadharani, kwa lugha ya wenyeji, kabla ya kutiwa saini. Tatu, orodha hizo ziwe na majina ya wanawake na vijana, maana mkata mafunjo na mchota maji ndiye wa kwanza kufungiwa njia, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Nne, kila mkataba uonyeshe ni nani atakayejibu mwekezaji akiondoka, na ni nani atakayerudisha ardhi katika hali yake.

Makanisa yana kumbi, yana watu wanaojua kusoma na kuandika, na yana imani ya wananchi. Kazi ya daftari yaweza kuanzia humo, Jumapili baada ya ibada, bila kungoja mfadhili wala ruhusa ya mkubwa yeyote.

Ndugu zetu, mkataba wa kwanza wa Yala ulitiwa saini wakati wenyewe hawana daftari. Ukija wa pili na ukutie bado hawana, tusimlaumu mgeni peke yake. Rudini makwenu mkaulize swali hili moja: orodha yetu iko wapi?