Soko la Nje Huanzia Kwenye Mti

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wakulima wa kahawa, Kalinzi, Kigoma)



Kahawa ya arabika ya milima hii ilikwisha kuvuka bahari. Katika miaka ya 2000 ushirika wa Kanyovu, kwa msaada wa Taasisi ya Jane Goodall, uliiuza kwa kampuni ya Green Mountain ya Marekani, nayo ikanywewa huko kwa jina la Gombe. Basi tusiulize kama soko lipo. Tuulize kama tunaweza kulitunza.

Wengi wanasema tuongeze miche. Ni vema. Lakini mnunuzi wa ng'ambo huonja kwanza, ndipo anunue. Tunda bichi likichanganywa na jekundu, au likilala kabla ya kumenywa, ladha huharibika, na hakuna mnada wa Moshi wala bandari ya Dar es Salaam itakayoirudisha.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Chumeni nyekundu tu. Menyeni siku ile ile. Anikeni juu ya vichanja, si chini kwenye udongo.

Nanyi viongozi wa vyama vya msingi, Mithali inatuonya juu ya mizani ya udanganyifu. Mkulima asipoona kwa uwazi uzito na bei ya kahawa yake, atamwuzia mchuuzi anayekuja na fedha mkononi, na chama kitabaki na jengo tupu. Ada za watoto wetu zimo katika mizani hiyo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.