Vipindi vya Kigaeli: Nani Atangulizwe?

Uhai wa televisheni ya lugha yenye wasemaji wachache uko mikononi mwa wanaoamua kipindi kipi kilipiwe. Nchini Uskoti, sensa ya 2022 ilihesabu takriban watu 70,000 wanaozungumza Kigaeli. Chaneli yao, BBC Alba, iko hewani tangu Septemba 2008 kwa ubia wa BBC na MG Alba, taasisi yenye makao yake Stornoway, kisiwani Lewis, inayofadhiliwa na serikali ya Uskoti. Vipindi vyake vingi huagizwa kutoka kampuni huru za utayarishaji.

Hapo ndipo penye mvutano. Mpira na muziki huvuta hata wasiojua Kigaeli, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha huwasaidia kufuatilia. Lakini anayezungumza lugha hiyo nyumbani ndiye mwenye haki ya kwanza. Kwa mfano, tamthilia ya Bannan ya chaneli hiyo, iliyoanza 2014 na kurekodiwa kisiwani Skye, iliwapa kazi waandishi na waigizaji wa Kigaeli.

Waagizaji wasitazame idadi ya watazamaji pekee. Waulize pia: je, mtoto amepata katuni kwa lugha ya bibi yake? Mwandishi kijana amepata ajira? Fedha zianzie huko.