Ugomvi wa Ujenzi: Tupatane Kabla ya Msingi

Ndugu zangu wa Chemchem,

Leo tuzungumze juu ya ugomvi wa ujenzi. Tuchukue mfano. Mwenye nyumba amemlipa fundi nusu ya fedha. Ukuta umefika kwenye linta, mara umeonyesha ufa. Mwenye nyumba anasema: "Umeharibu, silipi." Fundi anajibu: "Saruji uliyoleta ilikuwa kidogo. Nilipe kwanza." Kazi imesimama. Matofali ni ya udongo, na mvua za Novemba zinakaribia. Nani atapata hasara? Wote wawili.

Wengine watasema, "Twende mahakamani." Ni haki yao. Lakini kesi huchukua muda, na mvua haingoji hukumu.

Makandarasi wa barabara na majengo makubwa wanalijua jambo hili. Kwa hiyo huchagua njia ya kumaliza ugomvi kabla kazi haijaanza. Huiandika katika mkataba. Njia hizo ni kama hizi:

Ya kwanza ni majadiliano. Pande mbili hukaa zenyewe na kuzungumza. Huanza na njia hii maana haina gharama, na kesho watahitajiana tena.

Ya pili ni upatanishi. Mtu wa tatu, asiye na upande, huwasikiliza na kuwasaidia kuelewana. Yeye hatoi hukumu. Njia hii hufaa pale ambapo hasira imezidi, lakini wote bado wanataka kazi iishe.

Ya tatu ni usuluhishi. Hapa msuluhishi anaamua. Hufaa kwa swali la kitaalamu, maana mnaweza kumchagua mtu anayejua saruji na nondo. Lakini angalieni! Msuluhishi hulipwa, na uamuzi wake huwafunga wote. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inataka mapatano ya kwenda kwa msuluhishi yawe ya maandishi. Mahakama huweza kuutengua uamuzi kwa sababu maalumu tu. Kusema "nimeshindwa" si sababu.

Kwa kazi kubwa, lipo Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Moja ya kazi zake ni kusaidia kumaliza migogoro ya ujenzi. Kwa nyumba ya kawaida, mara nyingi njia mbili za kwanza zatosha.

Ndugu zangu, zamani misafara ilipita hapa Tabora. Wapagazi walipatana ujira na posho kabla ya kujitwika mzigo. Nasi tufanye hivyo. Tena sisi tunajua kusoma na kuandika. Chukueni karatasi, mwandike: kazi gani, bei gani, nani ataleta vifaa, malipo yatatolewa lini, na tukigombana nani atatupatanisha. Wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Wazee walisema: mali bila daftari, hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili
1. Katika mfano wetu, ninyi mngeanza na njia gani? Kwa nini?
2. Hapa kwetu, nani anafaa kuwa mpatanishi?